Mzee wa Hoteli ya Ng'ambo

Chai yake ilinuka moshi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Mbeya wanaomkumbuka hupenda kuanza na ukarimu wake, na mimi sitaki kuanza wanakoanza wao. Chai ilinuka moshi, maziwa yalikuwa ya kuhesabika, na sukari aliitia mwenyewe, kadiri alivyoona yeye, si kadiri mnywaji alivyotaka. Wali wake ulikuwa na kiini. Maharage yake yalikuwa na vijiwe. Nyama ilitafunwa mpaka taya zikauma, na mchuzi wenyewe ulikuwa maji tu yaliyopitishwa karibu na nyanya. Na hoteli yake ilijaa tangu asubuhi mpaka jua linazama, mwaka hadi mwaka, wakati yangu, iliyotazamana nayo ng'ambo ya barabara, ilikuwa na viti vitupu.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sitasema, maana sikumuuliza. Mtaa mzima ulimwita Mzee wa Hoteli, nami nitamwita hivyo. Tulipohamia Mbeya, mimi na mume wangu, tulimkuta yupo. Alikuwa mrefu, mgongo umeanza kupinda, na wakati wa baridi alivaa koti zito la jeshi ambalo mifuko yake ilikuwa imechanika yote miwili. Alikaa juu ya kigoda mlangoni, uso kautazamisha ndani na mgongo kauelekeza barabarani. Mwenye hoteli yeyote mwenye akili hukaa akitazama nje, awaone wateja wanaopita awaite. Yeye hakumwita mtu hata siku moja.

Mimi ni mtoto wa Iringa. Baba yangu alipanda kutoka pwani na mizigo ya vitambaa, akaoa huko juu, akabaki. Mama alinifundisha mapishi ya kwao baba, na nazi tuliletewa na madereva wa malori. Mume wangu alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika hoteli ya Wazungu, ile ambayo sisi wengine tuliijua kwa mlango wa jikoni tu. Huko alijifunza kuning'iniza taulo mkononi, kupanga vijiko, na kusogea mezani bila kusikika. Alipoacha kazi tulifungua hoteli yetu karibu na stendi ya mabasi, yeye mbele, mimi jikoni. Mteja akiingia kwetu, kabla hajakaa sawasawa, maji ya kunawa yameshafika. Akisema wali, wali huu hapa. Akimaliza, sahani imeondolewa, meza imepanguswa. Nilidhani hicho ndicho watu wanachokitafuta hotelini.

Ng'ambo, mteja aliingia akaambiwa, "Kaa." Akikaa hakuulizwa neno kwa muda mrefu. Akiulizwa, akajibu anataka nini, Mzee alitikisa kichwa kama aliyeelewa, akaenda jikoni, akasahau. Siku moja dereva mmoja wa lori, mtu wa maneno mengi, alichoka kungoja. Sauti yake niliisikia mpaka kwangu.

"Mzee, ile nyama yangu iko wapi?"

"Iko njiani."

"Njiani kutoka wapi?"

"Kutoka kwa ng'ombe," Mzee akajibu, wala hakutabasamu.

Hoteli nzima ilicheka, na dereva mwenyewe akacheka kuliko wote. Kwangu dereva yule yule aliwahi kurudisha chapati kwa sababu upande mmoja ulikuwa umeiva kidogo kuliko wa pili.

Palikuwa na karani wa boma, kijana nadhifu wa tai, aliyeagiza chai na mkate akaletewa uji. Akasema, "Mzee, mimi sikuagiza uji." Mzee akamtazama, akautazama uji, akasema, "Lakini wewe unaonekana una baridi." Karani akaunywa. Kesho yake nilimwona tena pale, na keshokutwa, na mwezi uliofuata alikuwa na benchi lake. Nilikuwa nikisimama dirishani na mwiko mkononi nikitazama hayo, na sitaficha kwamba roho iliniuma. Nilijiambia watu wa mji huu hawajui chakula. Nilijiambia wanamwonea huruma. Kila sababu niliyoitafuta ilinitosha asubuhi. Ikifika mchana, viti vyake vikijaa, haitoshi tena.

Hakuwa mpole, kama wengi wanavyosimulia leo. Siku moja mfanyabiashara tajiri wa nafaka aligonga meza kwa kiganja akidai ahudumiwe kwanza. Mzee alimshika kiwiko taratibu, akamtoa mpaka barabarani, akarudi kukaa kwenye kigoda chake. Kwenye sukari alikuwa bahili mpaka aibu. Tena mwongo: akiulizwa kama nyama ipo alijibu ipo, na jikoni hakuna hata mfupa. Lakini mtu aliyemaliza kunywa angeweza kukaa na kikombe kitupu mpaka jioni, na Mzee hakumtazama kwa jicho la kumfukuza.

Jambo lililonichoma zaidi ni kwamba chakula chake yeye mwenyewe hakukila. Kila siku ikikaribia adhuhuri, mama aliyekuwa akimwoshea vyombo alivuka barabara na sahani iliyofunikwa kwa kawa.

"Mzee anasema apakuliwe," alisema.

"Apakuliwe nini?"

"Chochote. Anasema kwako hakuna kibaya."

Nilimpakulia. Nilimpakulia vizuri, kwa ushindani, samaki wa kukaanga juu ya wali wa nazi, na mchicha pembeni. Naye akala pale pale mlangoni, mbele ya wateja wake wanaosaga vijiwe. Mwanzoni nilifurahi, nikasema sasa wataona. Waliona. Mama wa vyombo aliniambia walikuwa wakimuuliza chakula kile kizuri kinatoka wapi, naye akiwaonyesha kwa kidole hoteli yangu, akiwaambia, "Pale. Yule mama anapika kuliko mtu yeyote katika mji huu." Wakageuka, wakaitazama hoteli yangu, wakakubali kwa vichwa, wakageuka tena kungoja maharage.

Nikaona bora nikaone mwenyewe. Mchana mmoja, kwetu hakuna mtu, nilijifunika buibui, nikazungukia sokoni, nikaingia kwake kana kwamba nimeshuka kwenye basi.

"Kaa," alisema Mzee, kama hanijui.

Nilikaa kando ya mama mmoja wa upande wa Tukuyu, ana ndizi zake kapuni. "Ugonile," akanisalimu kwa Kinyakyusa, kisha akahamia Kiswahili. Nikaitikia, nikanyamaza. Mzee akapita nyuma yetu, akasema lile neno lake ambalo baadaye niligundua alimwambia kila mtu: "Chakula kinakuja. Mwulize huyo jirani yako anatoka wapi." Akaenda zake.

Kwa adabu tu, nikauliza. Yule mama alikuwa ametoka hospitali kumtazama mwanawe aliyevunjika mguu. "Nangoja hii wali tangu ile saa," aliniambia, "lakini si kitu, na basi nayo haijafika." Akanisimulia jinsi huyo mwana alivyozaliwa njiani, mvua inanyesha, mkunga mwenyewe akiwa mlevi wa pombe ya mahindi. Nilicheka mpaka nikajishika ubavu. Seremala mmoja wa Ilomba, aliyekaa mbele yetu, akaingilia akisema anamjua mkunga huyo, ni shangazi ya mkewe. Basi tukaendelea. Wali ulipokuja nilikuwa nimesahau kama niliagiza. Ulikuwa na kiini, kama nilivyojua utakuwa, na niliula wote. Niliposikia adhana ya alasiri ndipo nilipojua nimekaa muda gani.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, kwa sababu nilikuwa nimefurahi.

Nilidhani sasa nimeijua siri yake: anachelewesha kusudi. Nikamwambia mume wangu nasi tucheleweshe. Alinitazama kama nimemtukana, lakini akakubali. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu Mbena, mtu wa misheni ya Kilutheri aliyekuwa safarini. Aliagiza, tukamwacha. Akakaa. Akatazama saa. Mume wangu alisimama pembeni na taulo lake mkononi, hajui aweke wapi macho. Mwishowe mwalimu alisimama akasema kwa upole, "Mama, kama chakula hakuna, mngesema tu." Akavuka barabara. Kule alingoja zaidi ya alivyongoja kwetu, nikamwona kwa macho yangu akizungumza na muuza nyama, kofia ameiweka gotini, kama mtu aliyefika kwao. Yaani hata ubaya nilishindwa kuufanya vizuri kama yeye.

Na bado sijasema kubwa. Mume wangu naye alikuwa akienda kule.

Kila siku baada ya swala ya alasiri aliliweka taulo lake, akavuka barabara, akakaa ndani kabisa, benchi la ukutani, mpaka magharibi. Mtu mwenye hoteli, mwenye chai ya maziwa yenye iliki jikoni kwake, alikwenda kunywa moshi kwa jirani. Nyumbani alikuwa kimya. Kule nilimwona akinyoosha mikono, akieleza jambo, na wenzake wameinama kumsikiliza. Nilikuwa sijaona mikono yake ikifanya vile kwa miaka.

"Kuna nini kule?" nilimuuliza siku moja.

"Hakuna kitu."

"Chai yangu ina nini?"

"Chai yako ni nzuri. Sijasema chai."

"Basi kuna nini?"

Alifikiri. "Kuna watu," akasema, akaenda kutawadha.

Mke mwingine angeshuku kuna mwanamke. Mimi nilijua hakuna mwanamke, na nilitamani angekuwepo, maana huyo ningejua nishindane naye kwa lipi. Nitashindanaje na mzee wa koti lililochanika?

Lazima niseme hapa kwamba tulikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Homa ilimchukua akiwa na miaka minne, mwaka wetu wa pili Mbeya. Mama mkwe alikuja msibani, na kabla hajarudi alituketisha akatuambia, "Msimtajetaje. Mkimtaja hamtapata mwingine." Tulimtii. Mwingine hatukupata, lakini kutii tuliendelea. Majirani nao, kwa huruma yao, waliacha kutuita kwa jina la mtoto. Mimi nikawa Mama wa Hoteli, yeye akawa Bwana wa Hoteli. Ndani ya nyumba tuliitana "mwenzangu," au hatukuitana kabisa.

Miaka ile ya mwisho ya mkoloni, watu wameshaanza kuuzungumzia uhuru waziwazi, mama yangu aliugua na mimi nikaenda Iringa kumuuguza. Mchana mmoja usingizi ulimchukua, dada yangu akanituma nitoke nikanyooshe miguu, nikale chochote. Karibu na soko palikuwa na hoteli mpya, yenye vitambaa mezani na kioo kikubwa ukutani. Nikaingia. Mhudumu wa kanzu nyeupe alinionyesha meza, nikaagiza pilau, akaondoka na sikumwona tena kwa muda mrefu. Watu walikuwa wachache, kila mmoja na meza yake, kila mmoja kimya. Nilianza kukasirika, maana ugonjwa wa mama ulikuwa umenichosha, na njaa iliniuma.

"Mama Mwanaidi," sauti ilisema nyuma yangu. "Na wewe wamekukalisha?"

Sikugeuka mara moja. Jina lile nilikuwa sijaitwa nalo tangu wiki ya msiba. Nilishika ukingo wa meza.

Nilipogeuka nilimwona Mzee wa Hoteli, amekonda, koti lile lile, jicho moja limefungwa kitambaa. Alikuwa ameletwa hospitali ya Iringa na binti yake aliyeolewa Igowole, na binti alikuwa ameingia sokoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Njoo ukae huku. Mbona kila mtu hapa anakula kama amefungwa?"

Nilihamia mezani kwake. Akaniuliza hali ya mama, nikamjibu, nikamuuliza jicho, akasema daktari anasema hili halitaona tena. Kisha nikamwambia, "Umeniita jina ambalo hakuna anayeniita."

"Nimekosea?"

"Hapana."

"Kwani wanakuitaje?"

"Mama wa Hoteli."

Alilifikiria hilo kwa uzito. "Hoteli si mtoto," alisema. "Mumeo sisi kule tunamwita Baba Mwanaidi. Madereva wote, makarani, wote. Walikuja hawamjui mtoto, lakini ndilo jina walilolisikia kwangu."

Nilimuuliza lilianzaje. Akaniambia kwamba siku chache baada ya msiba mume wangu alipita mlangoni pake, naye akamsalimu kwa jina alilozoea, Baba Mwanaidi. Mume wangu alisimama. "Nikadhani nimemuumiza," Mzee alisema. "Nikawa natafuta neno la kumpoza. Kumbe anaingia. Alikaa mpaka jua likazama, chai hakuigusa, na hakusema kitu. Kesho akarudi. Wiki ya pili au ya tatu ndipo akaanza kusema."

"Anasema nini?"

"Habari za mtoto. Kila siku. Angekuwa darasa gani sasa. Alivyokuwa anasimama mlangoni na kitambaa mkononi, anajifanya yeye ndiye baba, anakaribisha wateja. Wale watu wamezisikia mpaka wanazijua."

Watu watanishangaa, lakini sikulia. Nilishikwa na wivu, na wivu wote niliokuwa nao kabla, wa viti na wateja, ulikuwa mchezo mbele ya ule. Madereva waliotoka Tunduma na Dodoma, watu ambao sikuwajua hata nyuso, walikuwa wakilitamka jina la mwanangu kila alasiri, kwa sauti, hatua chache kutoka jikoni kwangu. Mimi niliyemzaa nilikuwa nikilimeza. Maneno ambayo mume wangu alikuwa nayo, na ambayo nilidhani hana, aliyapeleka yote ng'ambo.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa ya heshima.

"Wewe hukuja kwangu," alisema. "Ulikuja siku moja, umejifunika, umetaka usijulikane. Nikasema basi, asijulikane."

Mhudumu alifika wakati huo na pilau yangu. Ilikuwa imepoa, mafuta yameganda juu, na akatuarifu kwamba nyama ya Mzee imekwisha. Mzee akachota pilau yangu kwa kijiko, akaonja, akafikiri.

"Huyu ananishinda," alisema.

Binti yake alimjia, akamwongoza kwa mkono mpaka nje. Mlangoni aligeuka, akamwuliza mtu mmoja aliyekaa peke yake anatoka wapi, na binti akamvuta, akamwambia basi litawaacha. Hakurudi tena Mbeya. Alikaa Igowole kwa binti, na hoteli ikaendeshwa na yule mama wa vyombo, kwa ubaya ule ule.

Mama yangu alipopata nafuu nilipanda basi la kurudi. Liliingia Mbeya alasiri. Hoteli yetu ilikuwa wazi bila mtu, taulo liko juu ya meza, na sikuhitaji kuuliza mwenyewe yuko wapi. Niliacha mzigo mlangoni nikavuka barabara, bila buibui usoni, vumbi la safari bado miguuni.

Alikuwa benchi la ukutani, anazungumza. Kigoda cha mlangoni kilikuwa kitupu.

"Baba Mwanaidi," nilisema.

Alinyamaza. Akanitazama. Kisha dereva mmoja akasogea, na mwenzake akasogea, pakapatikana nafasi, nikakaa karibu naye.

"Endelea," nilimwambia. "Ulikuwa unasema."

"Nilikuwa nasema siku ile alipowapokea wale masista wa misheni," alisema, akinitazama mimi. "Amesimama mlangoni, na lile gauni lake la njano."

"La kijani, Baba Mwanaidi," dereva akamsahihisha. "Siku zote unasema la kijani."

Nilimgeukia dereva yule na jicho ambalo nadhani bado analikumbuka.

"Lilikuwa la bluu," nilisema. "Nililishona mimi."

Wote wakageuza vichwa kunielekea, wakangoja niendelee.